Mashine Inampumulia Mgonjwa, Nani Anamfumba Macho?

Mhadhara wa wazi kwa wauguzi, madaktari, wanafunzi wa tiba na wananchi



Daktari wa macho akialikwa kuzungumza mbele ya watu, hutarajiwa aeleze mtoto wa jicho au presha ya macho, maradhi ambayo karibu kila ukoo umewahi kuyaona. Leo nimechagua jambo lisilosemwa sana. Nataka tulitazame jicho la mtu aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), bomba likiwa kooni na mashine ikimpumulia. Mtu huyo ameletwa kwa ajili ya mapafu, ubongo, moyo au majeraha. Siku anaingia, macho yake hayakuwa na shida yoyote. Hoja yangu ni moja: siku akitoka, atoke nayo yakiwa mazima. Kazi ya kuyalinda haihitaji mtambo wala fedha nyingi. Inahitaji mtu anayejua kwamba ni kazi yake, na mahali pa kuandika kwamba ameifanya.

Mikono iliyopumulia watu

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Katika hospitali ya Blegdam wagonjwa walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua, na mashine za wakati ule zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza njia iliyokuwa imezoeleka chumba cha upasuaji tu: mgonjwa atobolewe koo, aingizwe bomba, kisha mfuko wa hewa ukamuliwe kwa mkono, pumzi moja baada ya nyingine. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa. Walipokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja kando ya mgonjwa wake, akimpumulia. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua katika mji huohuo wodi ambayo wengi huihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Baadaye mashine zikaipokea kazi ya mikono ile. Leo tunayo mashine ya kupumua, na figo zikishindwa ipo ya kusafisha damu. Asiyeweza kula hupitishiwa chakula kwenye mpira wa puani, na mkojo hutoka kwa katheta. Lakini ipo kazi moja ya mwili ambayo mtu aliye macho huifanya zaidi ya mara 10,000 kwa siku, nayo haina mashine pale kitandani: kupepesa macho. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa nzito za usingizi hapepesi. Kazi hiyo bado iko mikononi mwetu, kama pumzi zilivyokuwa mikononi mwa wanafunzi wa Copenhagen. Wao walijua kwamba mkono ukisimama mgonjwa atakata roho mbele yao. Sisi tukiacha jicho wazi, hakuna king'ora kinacholia. Mapigo ya moyo yanaendelea kuonekana kwenye skrini, oksijeni inasoma vizuri, na jicho linakauka kimya kimya.

Kioo kinachoishi kwa machozi

Konea, ambayo wengi tunaiita kioo cha jicho, ni ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Hata hivyo, takribani theluthi mbili za uwezo wa jicho wa kuukusanya mwanga zinatokana na kioo hicho. Lenzi ya ndani humalizia kazi. Ili kibaki angavu, hakikupewa mshipa hata mmoja wa damu. Oksijeni yake hutoka hewani na kupitia kwenye machozi, na tunapofumba macho hutoka kwenye mishipa iliyo upande wa ndani wa kope.

Machozi basi hayakuumbwa kwa ajili ya kilio peke yake. Ni tabaka jembamba sana, chini lina ute unaoyashika yasiteleze, katikati maji, na juu mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vilivyopangwa ukingoni mwa kope, nayo huzuia maji yasikauke upesi. Ndani ya maji mna laisozaimu na kinga nyingine zinazoua au kudhoofisha bakteria. Kila tunapopepesa, kope huyatandaza machozi upya juu ya kioo, hufagia vumbi, na kuyasukuma yaliyokwisha kazi kuelekea kwenye vitundu vya kona ya ndani, ambavyo huyapeleka puani.

Ngozi ya juu ya kioo ina safu tano hadi saba tu za seli. Seli hizo hujijenga haraka: mkwaruzo mdogo uliolindwa vizuri hupona kwa siku moja hadi tatu bila kuacha alama. Lakini jeraha likizipita safu hizo na kuingia katika mwili wa kioo, hupona kwa kovu. Kovu likikaa katikati, mwanga hauingii tena kama zamani, na mtu huyo atabaki na ukungu huo mpaka apandikizwe kioo cha mtu mwingine. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na daktari Eduard Zirm mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita, na kwa wagonjwa wetu wengi tiba hiyo bado iko mbali, kwa kuwa vioo vya kupandikiza ni adimu na wataalamu wake ni wachache.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri kovu la kioo. Tumeliona kwa wazee wa Kongwa na maeneo mengine ya Dodoma walioishi na trakoma miaka mingi, kope zikajikunja kwa ndani, nywele zake zikawa zinasugua kioo mchana kutwa. Tumeliona kwa watoto waliopata surua huku miili yao ikikosa vitamini A. Tumeliona kwa watu waliotiwa machoni dawa za majani zilizounguza kuliko kuponya. Katika yote hayo tulijifunza somo lilelile: kioo kikishapata kovu, daktari amechelewa. Sasa tulichukue somo hilo mpaka ICU, ambako jicho hudhurika kutokana na matibabu yaleyale yanayomwokoa mwenye jicho.

Jicho linavyobaki wazi

Watu wengi hudhani aliyelala usingizi wa dawa amefumba macho. Ukimtazama kwa mbali utaona hivyo. Msogelee, inama, tazama kwa kiwango cha kitanda. Mara nyingi utaona ufa mwembamba kati ya kope ya juu na ya chini, na ndani yake mstari mweupe unaong'aa. Kwa wengine ufa huo ni mpana kiasi cha kuonyesha ukingo wa chini wa kioo chenyewe.

Sababu ni hii. Kufumba macho ni kazi ya msuli wa mviringo uliozunguka jicho, unaoendeshwa na neva ya uso. Dawa za usingizi huupunguzia nguvu. Dawa za kulegeza misuli, ambazo hutumika mgonjwa anaposhindana na mashine au mapafu yake yanapokuwa na hali mbaya sana, huuacha bila nguvu kabisa. Kope ya juu hushuka kwa uzito wake, lakini haifiki chini.

Mwili una kinga nyingine. Mtu mzima wa afya akifumba macho, jicho hugeuka juu, kioo kikajificha nyuma ya kope. Tendo hilo lilielezwa na Charles Bell, daktari wa Scotland, katika karne ya 19, na hata leo tunalitaja kwa jina lake. Kwa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa nzito kinga hiyo hudhoofika au hupotea. Hupotea pia ile ya kushtuka na kufumba jicho likiguswa. Kwa hiyo kope haijafunga, jicho halijajificha, na hata nyuzi za shuka zikikigusa kioo, mwenyewe hatikisiki.

Mashine nayo inachangia. Inapopeleka hewa kwa shinikizo, kifua hujaa na damu ya kichwani hupata shida kurudi moyoni. Ongeza maji mengi ya dripu, protini ya albumini iliyoshuka katika damu, na kamba ya bomba iliyokazwa shingoni. Ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho huvimba, ukatokeza nje kati ya kope. Uvimbe huo huzizuia kope zisikutane hata ukijaribu kuzifumba kwa vidole.

Kisha kuna hewa. Viyoyozi na feni hukausha jicho lililo wazi. Barakoa ya kusaidia kupumua ikivuja kwenye daraja la pua, hupuliza hewa moja kwa moja machoni saa zote, na hili huwapata hata wagonjwa ambao hawajalazwa kwa dawa za usingizi.

Mwisho kuna vijidudu. Makohozi ya mgonjwa aliyekaa kwenye mashine siku kadhaa mara nyingi yana bakteria sugu wa hospitalini. Muuguzi anapofyonza makohozi kwa mpira ulio wazi, akauvuta juu ya uso wa mgonjwa, matone huangukia machoni. Miongoni mwa bakteria hao yumo Pseudomonas, ambaye akipata kioo chenye mkwaruzo anaweza kukila mpaka kikatoboka ndani ya siku chache. Kioo kizima kingempinga. Kilichokauka kimemfungulia mlango.

Wanaodhurika ni wengi

Tafiti za nchi mbalimbali hazitoi kiwango kimoja, kwa sababu hospitali na wagonjwa hutofautiana. Hata hivyo matokeo ya nyingi huangukia kati ya mgonjwa mmoja kwa kila watano na wawili kwa kila watano wanaopumuliwa na mashine: hao ndio wanaopata madhara ya namna fulani juu ya kioo cha jicho. Aghalabu huanza ndani ya wiki ya kwanza, na kwa baadhi ndani ya siku mbili. Wengi wao hupata vidoa vidogo vya ukavu ambavyo hupona vikishughulikiwa. Wachache hupata kidonda chenye usaha, na kwa hao kovu, kutoboka kwa jicho na upofu ni mambo ya kweli.

Uchungu wa mkwaruzo wa kioo ni mkali kupita kiasi, kwa kuwa sehemu hiyo ina neva nyingi mno. Aliyewahi kuingiwa na mchanga machoni anajua. Lakini mgonjwa wetu hawezi kulalamika. Siku dawa za usingizi zinapopunguzwa na yeye kuamka, familia inashangilia, naye anafumba macho kwa sababu mwanga unamchoma, au anasema haoni vizuri. Wengine wanadhani ni uchovu wa ugonjwa. Siku hiyo ndipo daktari wa macho anapoitwa. Akipata kovu lililokwisha kukaa, hana cha kufanya zaidi ya kulieleza.

Tazama, kisha andika

Kwa vile mgonjwa hasemi, sisi ndio tutazame. Nchini Uingereza, chuo cha kifalme cha madaktari wa macho na jumuiya ya wataalamu wa ICU walitoa mwongozo wa pamoja wenye kipimo rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukitumia leo usiku. Kipimo kinauliza swali moja: kope zimefunga kiasi gani?

Kama zimefunga kabisa, andika sifuri. Kama weupe wa jicho unaonekana lakini kioo hakionekani, andika moja. Kama sehemu yoyote ya kioo inaonekana, hata ukingo wake tu, andika mbili. Hiyo ndiyo hesabu yote. Itazamwe kila zamu, iandikwe kwenye chati ileile inayoandikwa presha na mkojo, na itajwe wakati wa kukabidhiana zamu.

Baada ya kope, washa tochi na utazame kioo chenyewe. Kioo kizima huakisi mwanga wa tochi kama nukta moja kali yenye ukingo safi. Kilichokauka huonyesha nukta iliyofifia au iliyovunjikavunjika. Jicho jekundu, tongotongo nyingi za njano au kijani, na hasa doa jeupe juu ya kioo, ni dalili za hatari. Panapokuwa na mashaka, tone la rangi ya fluoresini huondoa ubishi: palipochubuka hushika rangi, na ukimulika kwa mwanga wa bluu panang'aa kijani. Rangi hiyo na kichujio cha bluu kwenye tochi vinafaa kuwa sehemu ya vifaa vya kila ICU, wala visisubiri siku daktari wa macho atakapopata nafasi ya kuja.

Doa jeupe likionekana kwenye kioo cha jicho jekundu, aitwe daktari wa macho siku hiyohiyo. Sampuli ikwanguliwe na kupelekwa maabara, na matone ya antibayotiki yaanze bila kungoja kesho. Kila jicho liwe na chupa yake, ili ugonjwa wa jicho moja usihamie la pili. Na mtu asitie dawa ya steroidi kwa kuona wekundu tu, kwa sababu inaweza kukichochea kidonda chenye vijidudu.

Usipoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jicho la mgonjwa mahututi, ufa ni huo ulio kati ya kope mbili, na kuuziba ndiyo tiba yenyewe.

Mwenye sifuri, ambaye kope zimefunga kabisa, asafishwe macho, aendelee kutazamwa kila zamu. Mwenye moja, apakwe dawa ya mafuta ya kulainisha jicho kila baada ya saa nne hivi. Mwenye mbili, apakwe mafuta hayo, kisha kope zifumbwe na kushikiliwa kwa plasta laini ya karatasi. Mgonjwa anayelazwa kifudifudi apate vyote viwili, mafuta na plasta, hata kama kope zake zinaonekana kufunga vizuri.

Hapa napenda tukae kidogo, maana ufundi wake ndio unaookoa au kuharibu. Nawa mikono. Safisha kope kwa gozi iliyoloweshwa maji safi ya hospitali au salaini, ukianzia kona ya ndani kwenda ya nje, gozi moja kwa jicho moja, kisha itupe. Vuta kope ya chini taratibu, weka mstari wa mafuta ndani yake bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Ishushe kope ya juu mpaka ikutane na ya chini. Ndipo ubandike plasta kwa mlalo. Usibandike plasta kabla ya kuhakikisha jicho limefumba, maana kope ikifunguka chini ya plasta, plasta au gozi itakuwa inasugua kioo saa zote, na tutakuwa tumemjeruhi kwa kile tulichokileta kumlinda.

Salaini peke yake haitoshi kulainisha. Husafisha vizuri, lakini hukauka mara moja na kuondoka na machozi machache yaliyokuwepo. Tetrasaiklini ya macho, ambayo kila mama aliyejifungua hospitali zetu anaifahamu, ni dawa ya kupambana na bakteria, na ina kazi yake. Kuipaka kila mgonjwa kila siku kama kilainishi kunazoesha vijidudu dawa. Kilainishi kiagizwe kama kilainishi.

Ipo njia nyingine yenye ushahidi mzuri: kufunika macho kwa karatasi ya nailoni nyembamba, angavu na safi, kutoka juu ya nyusi hadi shavuni, bila kugusa kioo. Mvuke hubaki ndani, jicho haliishiwi unyevu, na muuguzi huweza kulitazama bila kufunua. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zimeonyesha kwamba chumba hicho cha unyevu hulinda sawa na mafuta au kuyapita. Madaktari wa Vellore, nchini India, walichapisha mwaka 2006 utafiti wao wa kutumia miwani ya kuogelea na gozi yenye unyevu, na macho yaliyofunikwa hivyo yalidhurika kwa kiwango kidogo kuliko yaliyopakwa mafuta na kubandikwa plasta. Naitaja miwani ile kwa sababu ilibuniwa na watu wanaotibu wagonjwa wengi kwa bajeti ndogo, kama sisi. Nailoni ibadilishwe kila siku au ikichafuka, ifunike macho tu, pua na mdomo viachwe wazi.

Tusiyasahau yaliyo pembeni ya jicho. Kamba ya bomba ilegezwe kiasi kwamba isiibane shingo, bila bomba kucheza. Kichwa cha kitanda kiinuliwe pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, uvimbe upungue. Wakati wa kufyonza makohozi, macho yafunikwe, na mpira uvutwe kutoka upande, usipite juu ya uso. Feni isielekezwe usoni.

Kuhusu kulazwa kifudifudi naomba nieleweke vizuri. Utafiti uliofanyika zaidi Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wenye shida kubwa ya mapafu wakilazwa hivyo kwa saa nyingi kila siku, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka takribani asilimia 33 hadi 16. Wakati wa UVIKO-19 njia hiyo ilitumika dunia nzima. Ni njia inayookoa watu, na kamwe tusiiache kwa sababu ya macho. Ila kabla ya kumgeuza mgonjwa tumpake mafuta na kumbandika plasta, na kila tunapogeuza kichwa tuhakikishe jicho halikukandamizwa na mto wala bomba. Jicho linalokandamizwa linaweza kukosa damu, na upofu wa namna hiyo hautibiki.

Ndugu wanaposhtuka

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kutuandikia. Katika jamii zetu, za pwani na za bara, mtu hufumbwa macho anapokata roho. Huwa ni mkono wa mwana, wa mke au wa jirani, na watu wote waliomo chumbani wanaelewa maana yake. Sasa fikirini mama aliyepewa dakika chache za kumwona mwanawe ICU. Anaingia, anakuta macho ya kijana yamebandikwa plasta. Anaelewa nini? Wapo wanaoanguka palepale. Wapo wanaoivuta plasta kwa mkono wao, kwa upendo, ili mtoto awaone. Na wapo wauguzi wanaoiondoa plasta saa ya kutembelea wagonjwa, kuepusha kilio.

Dawa ya hofu hiyo ni maneno, na yasemwe mlangoni, kabla ndugu hajaona. Muuguzi anaweza kusema hivi: "Mama, karibu. Utakuta tumemfumba macho kijana wako. Dawa za usingizi zimemfanya asiweze kupepesa, na tukiyaacha wazi yatakauka na kuumia. Mwanao yu hai, na mashine inamsaidia kupumua. Mshike mkono, mwite jina lake, ongea naye." Mama aliyeambiwa hivyo haogopi plasta. Kesho akija, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, "Mwanangu, hili jicho la kushoto limefunguka." Mtu anayempenda mgonjwa na anayejua cha kutazama ni msaada mkubwa kwa muuguzi mwenye vitanda kadhaa.

Nje ya mlango wa ICU

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani habari hii ni ya hospitali kubwa tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na wengi wa hao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali, kijana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, bibi aliyepata kiharusi kizito, mgonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa wa neva, ambaye ana fahamu zake zote lakini uso umepooza: hao wote wanaweza kulala na macho nusu wazi. Hawana mashine, hawana chati ya kila saa, lakini kioo cha jicho hukauka vilevile wodi namba tano kama kinavyokauka ICU. Kipimo cha sifuri, moja na mbili kinawafaa bila kubadilisha chochote.

Ninachoomba

Kwa viongozi wa hospitali, naomba mambo mawili. Mafuta ya kulainisha macho na plasta ya karatasi viwemo katika orodha ya vifaa vya kila mgonjwa anayewekwa kwenye mashine, pamoja na bomba na mipira ya kufyonza. Na chati ya uangalizi iongezwe mstari mmoja wa macho. Kitu kisicho na mstari kwenye chati hufanywa na mwenye moyo, na siku ambayo mwenye moyo hayupo zamu, hakifanywi.

Kwa madaktari wa ICU: mnapopita kitandani asubuhi, mkishataja mapafu, moyo, figo na ubongo, tajeni macho. Daktari mkuu akiuliza "Macho je?" kila siku, zamu nzima itakuwa na jibu. Kwa wenzangu wa idara ya macho: tusingoje kuitwa penye kovu. Twende ICU tukafundishe, tuache namba zetu za simu ukutani, na tukiitwa usiku kwa doa jeupe tuje usiku huo.

Kwa walimu wa vyuo vya uuguzi na udaktari: mwanafunzi asihitimu bila kufumba macho ya mgonjwa asiyejiweza na kusimamiwa akifanya. Kwa wananchi: mkiwa na ndugu aliyepoteza fahamu, mwulizeni muuguzi kwa heshima, "Dada, macho yake yanafunga vizuri?" Swali hilo si ukorofi. Ni haki ya mgonjwa ambaye hawezi kuliuliza mwenyewe. Na tafadhali, msimtie jichoni maji ya majani, maziwa wala dawa mliyobaki nayo nyumbani.

Ndugu wauguzi, nimewaacha mwisho kwa kuwa ninyi ndio wenye mikono hiyo niliyoanza nayo. Najua uzito wa zamu zenu. Kutazama macho mawili kwa tochi na kuandika tarakimu moja huchukua muda mfupi kuliko kubadilisha shuka. Wenye zamu usiku huu, kabla ya kukabidhi asubuhi, mpitieni kila mgonjwa asiyeweza kupepesa, wa ICU na wa wodini, mwinamieni, mtazameni kope, mwandike sifuri, moja au mbili. Mkiona moja au mbili, zibeni ufa palepale. Mkiishiwa mafuta au plasta, andikeni kwamba vimeisha, na jina la mliyemwambia. Karatasi hizo zikusanywe kwa mwezi mmoja, kisha mziweke mezani kwa mganga mkuu. Tutakuwa na takwimu zetu wenyewe, na hakuna atakayeweza kutuambia kwamba tatizo hili si letu.